Jina la Mola kwenye Karatasi ya Karanga

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi katika khitma ya madrasa

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu, mama zangu, maalimu wetu, na nyinyi wanangu mliokaa mbele na kanzu zenu na mabuibui yenu mapya, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha katika khitma hii. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Maalimu aliponiletea mwaliko aliniambia jambo ambalo limenikaa moyoni. Alisema watoto wa sasa wanasoma vizuri kuliko tulivyosoma sisi. Matamshi yamenyooka, tajwidi wanaijua, wapo waliohifadhi juzuu kadhaa na bado hawajabaleghe. Lakini msahafu wanautupa juu ya benchi pamoja na chupa ya maji na begi la skuli, na akiwakemea wanashangaa wamekosa nini. Akaniomba niseme nao. Nimekubali, ila kwa idhini yenu nitasema zaidi na sisi wakubwa, kwa sababu mtoto hajui kushika kitu kwa heshima mpaka auone mkono wa mtu mzima unavyokishika.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Hajj, aya ya 32, kwamba anayezitukuza alama za Mwenyezi Mungu, basi hilo linatokana na uchamungu wa nyoyo. Aya hii wengi tunaijua. Tunachosahau ni mahali ilipokaa. Aya zinazoifuata zinazungumzia wanyama wanaopelekwa kuchinjwa katika Hija, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba kuzitukuza alama hizo ni kuwanenepesha wanyama hao na kuwachagua walio wazuri. Tazameni basi. Uchamungu umo ndani ya moyo, hakuna anayeuona, na dalili yake imewekwa kwenye kumlisha mnyama majani, kumnywesha maji, kumkagua asiwe na kilema. Kazi ya mchungaji. Hivyo ndivyo dini yetu inavyotulea: moyo unafundishwa kupitia mikono, miguu na ulimi. Tukiviacha viungo hivi vizoee upuuzi, hatuna haki ya kutegemea moyo peke yake ubaki na haya.

Waliosoma chuoni zamani wanayakumbuka mafunzo ya mikono. Tuliandikiwa kwenye ubao, na ukishahifadhi somo lako unauosha ubao ili uandikiwe jingine. Maji yale hayakumwagwa njiani. Yalipelekwa pembeni, penye shina la mti, mahali pasipopita miguu ya watu. Msahafu ulikaa juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea kitabu, haukukaa chini, na juu yake hakikuwekwa kitabu kingine wala miwani wala kofia. Ukiubeba unaubeba kifuani, si kwapani. Ukimpa mwenzako unampa mkononi, humrushii. Hakuna aliyetukalisha akatutolea dalili ya kila jambo. Tulimwona bibi anavyofanya akimaliza kusoma baada ya Alfajiri: anaufunga, anaubusu, anaugusisha kwenye paji la uso, anauvingirisha kitambaa cheupe, anaurudisha kwenye kidaka cha juu. Alifanya hivyo hata siku ambazo alikuwa na haraka ya kuwasha moto. Nasi tukafanya hivyo kabla hatujajua kusoma.

Dalili nazo zipo. Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za watu wanaoichukua Qur'ani. Humo amesema ni haramu kuufanya msahafu mto wa kulalia, na hakuishia hapo, akavitaja na vitabu vya elimu kuwa navyo havilaliwi. Amesema inapendeza mtu auinukie msahafu unapoletwa kwake. Na amemtaja Ikrima, mwana wa Abu Jahl, yule yule Abu Jahl tunayemsoma katika sira, adui mkubwa wa Mtume. Ikrima naye alipigana na Waislamu miaka mingi, akasilimu baada ya Makka kufunguliwa. Imepokewa kwamba alikuwa akiuweka msahafu usoni mwake akisema: kitabu cha Mola wangu, kitabu cha Mola wangu. Huyu ni mtu aliyezaliwa katika nyumba iliyokuwa ikiicheka Qur'ani. Sisi tumezaliwa katika nyumba zenye misahafu minne, mitano, na pengine hakuna uso hata mmoja uliowahi kuikaribia kwa namna ile.

Hapa nawaomba walimu wanisikilize. Madhehebu yetu yanamtaka mtu mzima awe na udhu anapougusa msahafu. Lakini mtoto mwenye kupambanua, anayejifunza, hazuiwi kuugusa bila ya udhu, kwa sababu kumlazimisha udhu kila mara ni uzito kwake na kungemtoa kwenye kusoma. Wanazuoni wale walikuwa na heshima kubwa kwa kitabu, na bado walimwonea huruma mtoto mdogo mwenye kamasi na vidole vya wino. Heshima iliyokamilika haimfukuzi mtu kwenye kitu kitukufu, inamfundisha namna ya kukisogelea.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sana zama hizi. Kitabu kilipokuwa adimu, kukiheshimu kulikuwa kwepesi. Kule Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono mpaka karne ya 19, kwa wino mweusi na mwekundu, herufi moja baada ya nyingine, pamoja na mapambo yake pembezoni. Nyumba iliyokuwa na msahafu wa namna hiyo haikuhitaji kuambiwa iuweke wapi. Leo maandishi matukufu yametapakaa kila mahali. Silisikitikii hilo, ni neema kubwa kwamba mtoto wa mvuvi ana msahafu wake mwenyewe na tafsiri ya Kiswahili pembeni. Lakini neema hii imekuja na mtihani ambao wazee wetu hawakuupata. Bismillah iko juu ya kadi ya harusi. Aya iko kwenye kalenda ya Ramadhani inayogawiwa bure na duka la saruji. Picha ya Kaaba iko kwenye pakiti ya tende. Harusi ikipita, mwezi ukiandama, tende zikiisha, vyote hivyo vinakwenda wapi? Vinakwenda jaani, pamoja na magamba ya samaki na nepi za watoto.

Na madaftari ya madrasa ndiyo yanayoniumiza zaidi. Mwaka ukiisha, karatasi zinauzwa kwa kilo. Nimenunua karanga mimi, nikaifungua ile karatasi iliyokunjwa, ndani nikakuta Suratul Fil kwa mwandiko wa mtoto, kwa penseli, na alama ya vema ya mwalimu wake kwa wino mwekundu. Mtoto yule alihangaika kuandika sura ile. Mwalimu alikaa akaisahihisha. Kisha sisi tukaipeleka sokoni ikafungiwe karanga, na anayezila anaikunja karatasi mkononi na kuitupa kwenye mtaro. Sina lawama kwa muuza karanga, yeye anatafuta riziki yake na hata hajui kilichoandikwa. Lawama naipeleka kwenye nyumba ilikotoka karatasi ile, na nyumba hiyo inaweza kuwa yangu au yako.

Wanazuoni wanasimulia habari za Bishr al-Hafi, mcha Mungu wa Baghdad aliyefariki mwaka 227 Hijria. Kabla ya kutubu hakuwa mtu wa ibada. Inasimuliwa kwamba siku moja aliikuta njiani karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu, imekanyagwa na miguu ya watu. Akaiokota, akanunua manukato kwa dirhamu alizokuwa nazo, akaipaka, akaihifadhi ndani ya ufa wa ukuta. Usiku akaona ndotoni akiambiwa kwamba kwa kuwa amelitia harufu nzuri jina la Mola wake, na jina lake yeye litapewa harufu nzuri duniani na akhera. Toba yake inaanzia hapo. Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba Bishr hakuwa mtu mwema alipoinama kuokota karatasi ile. Hakusubiri atakasike ndiyo aheshimu. Aliinama kwanza, na kule kuinama ndiko kulikompeleka kwenye wema. Kwa hiyo kijana ambaye bado sala zinamshinda, asijione hana haki ya kuokota karatasi yenye jina la Mola wake. Aiokote.

Nini kifanywe basi? Nimeshazungumza na maalimu na ameridhia, nami natangaza mbele yenu. Kuanzia wiki hii kutakuwa na kikapu chenye mfuniko hapo penye mlango wa madrasa. Kila nyumba ilete madaftari yaliyokwisha, juzuu zilizochanika, kadi na kalenda zenye aya. Kila baada ya muda vijana watavichukua na kuvizika mahali safi pasipopitiwa, au kuvichoma na kuyazika majivu yake. Kuchoma kusiwatishe. Sayyidna Uthman, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoukusanya umma kwenye msahafu mmoja aliamuru nakala nyingine zichomwe, na sahaba wakashuhudia. Hukumu inafuata nia na namna: anayechoma ili jina lisikanyagwe hafanani na anayechoma takataka. Wengine katika umma huu walichagua kuweka akiba. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakiukarabati Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta kati ya paa na dari shehena ya kurasa kuukuu za Qur'ani, maelfu ya vipande, na miongoni mwake zipo ngozi za karne ya kwanza ya Hijra. Watu walizipandisha huko juu kwa sababu mikono yao ilikataa kuzitupa. Hawakujua kwamba wanawawekea hazina wataalamu wa miaka elfu na zaidi baadaye.

Na wanaotuletea mialiko ya harusi, nawasihi: andikeni majina ya maharusi, siku na mahali. Baraka ya ndoa itaombwa kwenye khutba ya nikahi. Aya ya Suratur Rum kuhusu mapenzi na huruma ni nzuri mno kukaliwa kwenye kiti cha gari. Na mama zangu, kanga yenye jina la Mwenyezi Mungu ikichakaa, kateni kwanza ule ukanda wa maandishi kabla hamjaifanya tambara la kudekia. Ni kazi ya mkasi mmoja.

Kuhusu simu nitasema kwa uwazi, maana vijana wananiuliza sana. Wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema programu ya Qur'ani ndani ya simu haiifanyi simu kuwa msahafu. Ikiwa imefungwa, aya hazionekani, hukumu ya msahafu haipo, na mtu hana dhambi akiingia nayo msalani mfukoni. Hilo ni jepesi. Hata hivyo imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiivua pete yake anapoingia kujisaidia, kwa sababu imeandikwa jina la Mwenyezi Mungu. Wanahadithi wameijadili nguvu ya mapokezi hayo, na Abu Daud mwenyewe aliyeipokea aliitia kasoro. Lakini mafakihi wetu wameyashika maana yake, wakasema ni karaha kuingia msalani na kitu kilichoandikwa jina Lake bila ya dharura. Kwa hiyo simu iliyozimwa kioo ingie nayo, lakini usiingie ikiwa inasoma. Na mlio wa simu usiwe aya. Simu inalia katikati ya soko, au msalani kwenyewe, msomaji yuko katikati ya neno, na mwenyewe anaibonyeza ili aseme haloo. Maneno ya Mola yanakatwa ili tupate kuulizwa bei ya dagaa. Wekeni mlio wowote mwingine.

Kuna na hili la kutumiana. Kila asubuhi zinapita hadithi ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi, na mwisho wake: tuma kwa watu kumi utasikia habari njema. Mtume amesema, katika hadithi iliyopokewa na kundi kubwa la sahaba, kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi na ajiandalie makazi yake motoni. Sahaba wakubwa walikuwa wakitetemeka wanaposema, "Nimemsikia Mtume." Sisi tunasambaza kwa kidole huku tunasubiri chai ipoe. Kumheshimu Mtume katika mambo haya ni kunyamaza mpaka umwulize anayejua.

Nakuja kwenye miguu. Nabii Musa aliposogea kwenye moto ule aliambiwa, katika Surat Taha, avue viatu vyake kwa sababu yuko katika bonde takatifu la Tuwa. Bado hajapewa utume, hajapewa Taurati, hajatumwa kwa Firauni. Viatu kwanza. Sisi watu wa pwani tumelishika hili mpaka likawa sehemu ya ujenzi wetu. Misikiti yetu ya kale ina birika karibu na kiingilio, na Lamu mpaka leo utaona samaki wadogo wamewekwa ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu, ili maji ya udhu yabaki safi. Mtu alifikiria! Kule Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye mihrabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yapo na watu wanasali humo hadi leo. Kwa karne tisa watu wa pale wanaacha mlangoni matope, magamba ya samaki na ugomvi wao. Nikiona sasa mtu amesimama ndani ya msikiti, ameelekea kibla, simu sikioni, anabishana juu ya deni kwa sauti inayofika safu ya mwisho, najua viatu vyake viko nje lakini yeye hajavua kitu.

Makaburi pia ni mahali pa miguu kuwa na adabu. Mtume amekataza kukaa juu ya kaburi, na akasema mtu kukalia kaa la moto likaunguza nguo yake mpaka likafika kwenye ngozi ni bora kwake kuliko kukalia kaburi. Katika miji yetu mengi yamezungukwa na nyumba, mbuzi wanalala humo, watoto wanachezea mpira humo, na taka za usiku zinatupwa juu ya ukuta. Waliomo ni babu zetu. Ninaomba ndugu wa mitaa yenye makaburi wakubaliane juu ya hili bila kusubiri manispaa.

Adhana sitairefusha. Mtume ametufundisha tukimsikia mwadhini tuseme anavyosema. Haichukui dakika tano. Barazani karata ziinamishwe, bao linyamaze, televisheni ipunguzwe sauti. Mtoto akiona baba yake amekatisha hadithi tamu katikati kwa sababu ya adhana, hatahitaji mawaidha juu ya sala. Na tonge likianguka, hadithi iko katika Sahihi Muslim: liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe shetani. Wazee wetu walioupitia ukame na njaa hawakuhitaji kuikumbushwa.

Lakini kiungo kinachovunja heshima kuliko vyote ni ulimi, na hapa nawaomba ndugu zangu wafanyabiashara wasinichukie. Jina ambalo tunalikusanya kwenye karatasi ili lisikanyagwe, sokoni tunaliapia kwa ajili ya shilingi mia mbili. Wallahi nimenunua kwa bei hiyo hiyo. Wallahi ni mzigo mpya. Wallahi sipati kitu hapa. Na mnunuzi naye, wallahi sina zaidi ya hizi, na mfuko umejaa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 224, tusimfanye Yeye kuwa kinga ya viapo vyetu. Na Mtume amesema kiapo kinaiuza bidhaa na kinaifuta baraka, hadithi ya Bukhari na Muslim. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba anauza kutwa na jioni haoni kitu, aanze kuhesabu viapo vyake kabla hajaenda kwa mganga. Na inshallah tumeigeuza njia ya kukataa kwa upole. Fundi akikwambia inshallah kesho, unajua moja kwa moja kwamba haji. Watoto wanatusikia, na wameshajifunza kwetu kwamba jina la Mola linaweza kutajwa bila ya kukusudia lolote. Tukitaka kumkatalia mtu, tumkatalie. Tukitaja mapenzi ya Mwenyezi Mungu, tuwe tumeazimia kwenda.

La mwisho ni zito zaidi, na nimelichelewesha kwa makusudi ili lisimezwe na mengine. Imepokewa na Tirmidhi kwamba sahaba Ibn Umar aliitazama Kaaba siku moja akasema: utukufu wako ni mkubwa ulioje, na heshima yako ni kubwa ilioje, lakini muumini ana heshima kubwa kuliko wewe mbele ya Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yalisemwa mbele ya Nyumba yenyewe. Na Mtume lilipita mbele yake jeneza, akasimama. Akaambiwa ni jeneza la Myahudi. Akajibu: je, si nafsi? Imo katika Bukhari na Muslim. Hapa kwetu bado wapo wanaoinuka barazani jeneza linapopita, na wanaume wanaacha kazi zao wakaenda kulipokea begani japo hatua chache, hata kama hawamjui maiti. Nampenda mtu wa mji kwa jambo hilo moja. Lakini heshima ile tunampa akishakufa, na alipokuwa hai tulimpita na mkono wake umenyooka.

Nawageukia walimu, na nasema kwa mapenzi kwa sababu najua mshahara wenu na najua subira yenu. Haiwezekani mkono uubusu msahafu, kisha mkono ule ule ushike mkwaju umpige mtoto mpaka mgongo uvimbe kwa sababu amekosea irabu. Nimewaona watu wazima, wana nyumba na watoto, wakisikia sauti ya chuo wanakunja uso. Hawaichukii Qur'ani, wanakumbuka fimbo. Tumewaunganishia kitu kitukufu na maumivu, na hatukuwa na haki hiyo. Mtume alikuwa katika sijda, mjukuu wake akampanda mgongoni, akairefusha sijda mpaka mtoto ateremke mwenyewe, na alipoulizwa alisema hakupenda kumharakisha. Sijda ndipo mja anapokuwa karibu zaidi na Mola wake, na hapo hapo mtoto alipewa nafasi yake. Sitaki kusikia tena kwamba huruma kwa mtoto inapunguza heshima ya chuo. Mkimkosoa, mkosoeni. Mkimwadhibu, basi iwe kwa namna ambayo jioni atarudi kwa hiari yake.

Na wazazi, msimpe mwalimu mtoto na mkwaju kwa pamoja. Wala msimpe mtoto msahafu wa zawadi, kisha nyumbani asiuone hata siku moja mikononi mwenu.

Nimesema vya kutosha, na jua limepanda. Naambiwa sasa watoto 14 wataitwa mmoja mmoja kuchukua misahafu yao. Nimewaambia kwamba kwa umri wao hawalazimiki, lakini leo ni siku yao, na birika iko hapo nyuma imejaa maji. Basi wanangu, simameni, nendeni mkatie udhu, msisukumane, wakubwa wawasaidie wadogo kukunja mikono ya kanzu. Sisi tutawasubiri. Na kila mzazi ambaye mwanawe ataitwa, asimame mtoto wake anapopokea, aupokee pamoja naye kwa mikono miwili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.